Mbio za Utu Uzima

Mtu akivuka miaka arobaini mwili wake huanza kumpa habari mpya. Ngazi za ofisi zamkatisha pumzi, mshipi wa suruali wadai tundu jingine, na daktari akimpima presha hukunja uso. Utotoni alikwenda shule kwa miguu, akachota maji, akalima, wala hakuhesabu kilomita. Siku hizi hukaa kitini kutwa, na jioni pikipiki humfikisha mpaka mlangoni. Wapo wasemao, "Ndio uzee, tufanyeje?" Wapo na wengine ambao huamka asubuhi moja, huvaa viatu vya mpira, hutoka mbio kama vijana wa chuo, na siku ya tatu wamelala na goti lililovimba. Wa kwanza amekata tamaa, na wa pili amekosa saburi. Je, hakuna njia nyingine? Ipo, na wamepita watu wengi ambao habari zao twaweza kuzisimulia.

Mwalimu aliyeachwa nyuma na mzee

Katika nchi ya New Zealand alikuwako mtu jina lake Arthur Lydiard, fundi katika kiwanda cha viatu. Alipokuwa mtu mzima alijidhani ana nguvu, mpaka rafiki yake alipomchukua mbio za maili tano, yaani kilomita nane. Lydiard alihema vibaya, akajiuliza: nikiwa hivi sasa, nitakuwaje nikizeeka? Akaanza kujaribu juu ya mwili wake mwenyewe, akapunguza haraka na kurefusha safari kidogo kidogo, miaka mingi. Baadaye akawafundisha vijana wa mtaa wake. Tarehe 2 Septemba 1960, katika michezo ya Olimpiki mjini Roma, wawili kati yao, Peter Snell na Murray Halberg, walipata medali za dhahabu siku moja.

Lakini kazi yake nyingine yatuhusu sisi zaidi. Katika mji wa Auckland Lydiard aliwashauri watu wa makamo, hata wagonjwa wa moyo, wakimbie pamoja polepole huku wakizungumza. Mwishoni mwa mwaka 1962 alifika huko Bill Bowerman, mwalimu mashuhuri wa wanariadha wa chuo kikuu cha Oregon, Marekani. Alikuwa na miaka 51. Alikuwa akiwafundisha wengine kukimbia, naye mwenyewe hakuwa akikimbia. Lydiard akamwalika atoke na kikundi chake. Kulipokuwa na kilima, Bowerman akabaki nyuma, pumzi zimemwishia. Mzee mmoja aliyepita miaka 70, ambaye moyo wake ulikwisha kushikwa na maradhi mara kadhaa, akapunguza mwendo kwa huruma, akamsindikiza mgeni mpaka mwisho.

Bowerman hakukasirika. Alikaa huko majuma kadhaa, akakimbia kila siku kwa kipimo chake, akapungua tumbo. Aliporudi kwao mwaka 1963 akawaita watu wa mji wake, akina baba na akina mama, wajifunze kukimbia polepole. Akamshirikisha daktari wa moyo, na mwaka 1967 wakatoa kitabu juu ya mbio hizo, ambacho kilienea sana Marekani. Ndivyo mazoezi yaliyokuwa ya vijana wa mashindano yalivyoingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Mtawa aliyeanza na miaka 48

Habari ya pili ni ya mtawa, Sista Madonna Buder, aliyezaliwa mwaka 1930 katika mji wa St. Louis, Marekani. Aliingia utawani na miaka 23. Alipofika miaka 48, padre mmoja alimwambia kwamba kukimbia kwapatanisha mwili, akili na roho. Sista hakuwa amewahi kufanya mbio za namna hiyo. Alijaribu, akaumwa magoti, akaendelea kwa utaratibu. Alikuwa na miaka 52 aliposhindana mara ya kwanza katika mchezo unaounganisha kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia. Alikuwa na miaka 55 alipofanya safari ndefu kuliko zote za mchezo huo: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha mbio za marathoni kilomita 42.195, yote katika siku moja. Mwaka 2012, nchini Kanada, alimaliza safari hiyo tena akiwa na miaka 82.

Msomaji mpenzi, usitazame miaka 82 peke yake. Tazama miaka iliyo katikati. Tangu hatua ya kwanza mpaka ile safari kubwa ya kwanza ilipita miaka saba. Mwenda pole hajikwai.

Kwa nini mwili wataka kungoja

Sababu ya kwenda polepole imo ndani ya mwili wenyewe. Mtu akianza mazoezi, moyo, mapafu na misuli huzoea upesi. Baada ya majuma machache huona pumzi zimekuwa nyepesi, naye hufurahi na kutaka kuongeza. Lakini kano na mifupa huchelewa, hutaka miezi. Mfupa ukitikiswa na kazi mpya, kwanza hupunguzwa kidogo, kisha hujengwa tena wenye nguvu zaidi. Ukiongezewa mzigo kabla haujajengwa, hupasuka nyufa ndogo ndogo, na maumivu yake huweza kumweka mtu nyumbani majuma sita au zaidi. Hapo ndipo wanaoanza ukubwani huangukia: pumzi zawaambia "nenda", na mguu haujawa tayari.

Kwa sababu hiyo Bowerman alifundisha kwamba siku ya kazi nzito ifuatwe na siku ya kazi nyepesi au ya kupumzika. Nguvu hujengwa wakati wa kupumzika. Mkulima ajua jambo hili: mbegu haioti kwa kuchimbuliwa kila asubuhi.

Utaratibu wa kuanza

Kwanza, nenda kwa daktari au zahanati. Upimwe presha na sukari katika damu, hasa ukiwa na mwili mzito, ukivuta tumbaku, au ikiwa katika ukoo wenu wamekufa watu kwa moyo au kiharusi. Kama daktari akisema ngoja, mtii.

Pili, majuma manne ya kwanza usikimbie kabisa. Tembea kwa haraka dakika 30, siku tatu au nne kila juma. Mwenye kudharau majuma haya huyalipa baadaye.

Tatu, kuanzia juma la tano, kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, mara kumi. Hizo ni dakika 30. Ukiona ni rahisi kwa juma zima au mawili, kimbia dakika mbili na kutembea mbili, kisha tatu kwa moja, kisha tano kwa moja. Usione haya kutembea. Katika mwezi wa nne au wa tano wengi huweza kukimbia nusu saa pasipo kusimama.

Nne, mwendo wako upimwe kwa ulimi. Kama waweza kusali Salamu Maria kwa sauti pasipo kukata maneno katikati, mwendo ni mzuri. Kama wasema neno moja na kuhema, umezidisha, punguza.

Tano, ukiisha kuzoea kilomita tano, chagua siku moja ya juma iwe ya safari ndefu, na siku nyingine mbili ziwe fupi. Safari ndefu iongezwe kilomita moja tu kwa mara, na kila juma la nne ipunguzwe ili mwili upumzike. Kwa mfano: 5, 6, 7, kisha 5, halafu 7, 8, 9, kisha 6, halafu 9 na 10. Hivyo katika majuma kumi wafika kilomita 10. Mwenye kutaka kilomita 21, nusu ya marathoni, asifikirie kabla ya mwaka mzima tangu siku ya kwanza. Marathoni yenyewe ni jambo jingine: sukari ambayo mwili huweka akiba katika misuli na ini, kwa wengi hukaribia kwisha penye kilomita 30 hivi, na hapo hata wenye nguvu hutembea.

Viatu, jua na njia

Vijana hupenda kusimulia habari za Abebe Bikila wa Ethiopia, ambaye mwaka 1960 mjini Roma alishinda marathoni bila viatu. Ni kweli, tena ni sifa kwa Afrika nzima. Lakini Bikila alikuwa askari kijana, mwenye nyayo zilizozoea. Karani wa miaka 45, aliyevaa viatu vya ngozi tangu ujana, asimwige siku ya kwanza. Apate viatu vya mpira vinavyomfaa, visivyobana vidole wala kulegea kisigino. Si lazima viwe vipya wala vya bei kubwa.

Kimbia alfajiri kunapokwisha kupambazuka, au jioni jua likiwa limepoa, penye njia salama, pamoja na mwenzako. Mtu wa Bukavu, anayekaa juu ya vilima kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, apande kwa kutembea na kukimbia penye tambarare. Mtu wa Kalemie, kando ya ziwa, ajihadhari na joto na kunywa maji ya kutosha. Mwenye homa asikimbie hata kidogo. Malaria haitolewi kwa jasho, yatibiwa kwa dawa. Na ukisikia kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, au kizunguzungu, simama mara moja, ukatafute daktari siku hiyo hiyo.

Mwili huu ni wa nani?

Mkristo mwingine atauliza: je, kujishughulisha hivi na mwili si majivuno? Swali ni la haki. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho, mji uliokuwa karibu na uwanja wa michezo iliyofanywa kila miaka miwili, na hakuona vibaya kuwatolea mfano wa wakimbiaji wanaojinyima ili wapate taji lenye kunyauka. Katika barua hiyo hiyo aliwafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Tarehe 20 Mei 1945, vita vilipokuwa vimekwisha Ulaya, Baba Mtakatifu Pius XII aliwapokea wanamichezo wa Italia, akawaeleza kwamba michezo ni njia ya kuutunza mwili, na mwili uitumikie roho. Tarehe 29 Oktoba 2000, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliadhimisha Yubilei ya wanamichezo katika uwanja wa Olimpiki wa Roma.

Basi kipimo ndicho hiki: mazoezi yako yamtumikia nani? Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima ajishughulishe kwa nguvu za kadiri dakika 150 hadi 300 kila juma. Kutembea haraka nusu saa, siku tano, kwatosha kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo asiyeweza kukimbia hajapoteza kitu, na anayekimbia kilomita 20 asijione bora kuliko jirani yake. Safari ndefu ina faida nyingine: yafundisha saburi, yanyamazisha kelele za moyo, yampa mtu saa moja ya kusali na kuwaza. Hiyo ni zawadi, wala si cheo.

Tena kuna hatari ambayo daktari haioni katika damu. Baba akitoka saa mbili kila asubuhi kwa ajili ya afya yake, na mama akabaki kuchota maji, kuwasha moto, kuvika watoto na kwenda sokoni, mbio hizo zimekuwa mzigo juu ya mgongo wa mtu mwingine. Baba mwenye busara hupatana na mkewe kwanza: leo natoka mimi na wewe wapumzika; kesho mimi nashika watoto, wewe watoka. Maana mama naye ana moyo na presha. Yeye aliyekwisha kubeba ndoo na kuni pengine hataki mbio; ataka nusu saa ya kukaa. Apewe. Na Jumapili Misa Takatifu isiuzwe kwa mashindano.

Ninyi wanafunzi, mkimwona mtu mzima mwenye mvi akikimbia polepole barabarani, msimcheke. Pengine amesikia kwa daktari neno lililomtisha, naye ataka kuwaona ninyi mkimaliza masomo. Mkumbukeni yule mzee wa Auckland aliyepunguza mwendo, mkafuatane naye mpaka kona ya pili.

Nanyi akina baba na akina mama mnaosoma haya, anzeni juma hili kwa kutembea. Nyumba zetu zahitaji wazazi walio hai, wenye kupanda ngazi za kanisa siku ya ndoa ya watoto wao pasipo kushikwa mkono. Jambo hilo halipatikani kwa siku moja, bali kwa asubuhi nyingi ndogo, kila moja ikiongeza kidogo juu ya nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.