Lavarse katika wakati ujao: kitenzi cha kujirejelea cha Kihispania kwa msemaji wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kihispania anayefikiri kwa Kiswahili hukikosea kitenzi hiki kwa namna mbili zinazotabirika: huandika *yo se lavaré, na husoma se lavará kwa kuweka mkazo mahali pasipo pake. Makosa yote mawili yana chimbuko katika Kiswahili chenyewe, na kwa hiyo hurekebishika kwa kuzilinganisha lugha hizi mbili.

1. Kiwakilishi

Kiswahili kina kiambishi kimoja tu cha kujirejelea, -ji-, nacho hakibadiliki: nitajiosha, utajiosha, watajiosha. Kihispania hubadilisha kiwakilishi kufuatana na nafsi: me, te, se, nos, os, se. Kiwakilishi hicho huandikwa peke yake, mbele ya kitenzi. Katika ukanushi, no hukitangulia: no me lavaré, 'sitajiosha'.

2. Viambishi tamati

Wakati ujao haujengwi juu ya mzizi lav-, bali juu ya kitenzijina kizima, lavar, baada ya kuondolewa se. Viambishi vyake, yaani -é, -ás, -á, -emos, -éis na -án, ni masalia ya kitenzi haber, ambacho zamani kilimaanisha 'kuwa na': he, has, ha, hemos, habéis, han. Ndiyo maana ni vilevile kwa vitenzi vya -ar, -er na -ir. Jambo hili si geni kwetu: -ta- ya Kiswahili nayo huhusishwa na kitenzi taka, ambacho bado huonekana kwa ukamilifu katika nitakapojiosha.

yo me lavaré: nitajiosha
tú te lavarás: utajiosha
él, ella se lavará: atajiosha
usted se lavará: utajiosha (kwa heshima)
nosotros nos lavaremos: tutajiosha
vosotros os lavaréis: mtajiosha
ellos, ellas se lavarán: watajiosha
ustedes se lavarán: mtajiosha

Vosotros ni ya Hispania. Katika Amerika ya Kilatini hutumika ustedes.

3. Mkazo

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika jedwali hili, ni lavaremos pekee inayofuata kanuni hiyo, na ndiyo pekee isiyo na alama ya mkazo. Alama hiyo si pambo. Se lavará ni 'atajiosha'. Se lavara ni umbo jingine kabisa, kama katika quería que se lavara, 'alitaka ajioshe'. Atakayeisahau alama hiyo, au kusoma kwa mazoea ya Kiswahili, atakuwa amebadilisha maana bila kujua.

4. Kwa mfasiri

Usidhani kwamba kila se ni -ji-. Se lavarán yaweza kuwa 'watajiosha' au 'wataoshana', kwa kuwa Kihispania hutumia kiwakilishi kilekile pale ambapo Kiswahili hutenganisha -ji- na -an-. Se lavará la ropa ni 'nguo zitafuliwa'. Me lavaré las manos ni 'nitanawa mikono', na me levantaré a las seis ni 'nitaamka saa kumi na mbili': -ji- haipo, na hata saa imebadilika. Zaidi ya hayo, wakati ujao wa Kihispania huweza kudokeza kukisia: ¿Dónde estará? haiulizi atakuwa wapi kesho, bali 'yuko wapi, jamani?'. Muktadha ndio mwamuzi.

Kwa mazoezi, mwalimu awape wanafunzi ducharse, 'kuoga', na levantarse, 'kuamka', wayataje maumbo yote sita kwa sauti. Sikio likishazoea mkazo wa mwisho, mkono nao hautasahau alama yake.