Mguu na Kikombe (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliona jinsi shinikizo la damu linavyomnyemelea mtu bila dalili. Leo tuingie kwenye kinga: mwendo wa miguu na chai ya kijani.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alitoa utafiti ambao abiria yeyote wa matatu ya Kisauni angeuelewa mara moja. Aliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta wao. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa uchache, na hata walipougua, hawakufa upesi kama madereva. Mtazame dereva wetu aliyekunja magoti nyuma ya usukani tangu alfajiri, kisha mtazame makanga anayeukimbilia mlango. Huyo dereva ndiye ninayemhofia.

Moyo ukienda mbio, damu hupita kwa nguvu ikisugua utando wa ndani wa mishipa. Utando hujibu kwa kutoa nitriki oksaidi, hewa inayoulegeza mshipa ukatanuka. Mshipa uliozoezwa hivyo hukawia kukakamaa. Katekini, kemikali za asili zilizomo katika chai ya kijani, huusaidia utando huohuo, tena hupunguza kidogo lehemu mbaya. Ndipo mguu na kikombe vinapokutana, ingawa mzigo mkubwa umebebwa na mguu.

Chai ya kijani hutoka kwenye mmea uleule wa chai yetu nyeusi. Majani yakishachumwa hupigwa mvuke au hupashwa moto upesi, yasigeuke rangi, na katekini zikabaki. Malori ya chai kutoka bara, na hata Uganda na Rwanda, hutupitia hapa Changamwe yakielekea kwenye maghala na mnada uliohamia Mombasa mwaka 1969. Nasi tunaoyaona yakipita, chai yetu ni ya maziwa na vijiko vitatu vya sukari!

Wajapani huinywa chai ya kijani bila sukari. Utafiti wa eneo la Ohsaki nchini mwao, uliochapishwa 2006, uliwafuatilia watu wazima 40,530 kwa hadi miaka 11. Waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa uchache kuliko waliokunywa chini ya kimoja, hasa wanawake.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Kipimo ni hiki: uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Mtu wa Likoni anayeshuka mteremko wa feri kwa haraka na kuupanda wa ng'ambo bila kusimama ameshaanza. Wa Kongowea avuke Daraja la Nyali kwa miguu baada ya sala ya alfajiri, jua halijachoma.

Akirudi, achemshe maji, ayaache yapoe dakika chache, ndipo ayamimine juu ya majani na kuyachuja baada ya dakika mbili au tatu. Maji yanayotokota huifanya chai kuwa chungu, na uchungu ndio unaoita sukari. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wasiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza.

Wiki ijayo: chumvi iliyojificha ndani ya ng'onda.