Bendera ya Maili Moja: Kipi Kweli, Kipi Si Kweli

Kila ifikapo Juni, picha za aina moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: barabara pana ya mji wa ng'ambo, na katikati yake kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, kirefu hata mwisho wake hauonekani, kimeshikwa kandokando na mamia ya watu. Maelezo ya chini hutegemea aliyeituma. Mmoja atasema ni mradi wa matajiri, mwingine atasema rangi zile zina siri, wa tatu ataapa kwamba mambo haya hayajawahi kukanyaga Afrika Mashariki. Linaloniuma ni kwamba historia ya bendera hizi inajulikana vizuri, ina majina na tarehe, lakini sisi tunaobishana kwa Kiswahili ni nadra kuisoma. Mtu aweza kuwa na msimamo wake kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Hilo halimpi ruhusa ya kuwasingizia wenzake.

"Ilibuniwa na shirika tajiri ili kueneza ajenda."

Si kweli. Ilizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1978, katika kituo cha jamii ya mashoga kwenye mtaa wa Grove. Gilbert Baker, mzaliwa wa Kansas, alikuwa amefika mjini humo akiwa askari wa jeshi. Alipotoka jeshini akajifunza kushona, na cherehani yake ikawa ya kushonea mabango ya maandamano. Marafiki, akiwemo mtengenezaji filamu Artie Bressan, walimsukuma atafute alama mpya ya mashoga. Iliyokuwa ikitumika sana wakati huo ni pembetatu ya rangi ya waridi, ile ambayo Wanazi waliwashonea wafungwa mashoga kwenye nguo zao kambini. Baker hakutaka watu wake waendelee kutambulishwa kwa alama iliyotungwa na waliowaua.

Watu wapatao 30 walijitolea. Walijaza maji kwenye mapipa ya taka, wakakoroga rangi na chumvi, wakatumbukiza majora ya amerikani. Kitambaa kilichotiwa rangi lazima kisuuzwe, nao wakakipeleka kwenye nyumba ya mashine za kufulia za kulipia, ambako kuingiza nguo zenye rangi mbichi kulikatazwa. Wakangoja usiku uingie na wateja wapungue. Walipomaliza waliziendesha mashine na jiki ndani, ili atakayekuja baada yao asitoke na mashuka yenye madoa. Shirika tajiri lisingehangaika namna hiyo.

Tarehe 25 Juni 1978 bendera mbili zilipandishwa kwenye uwanja wa United Nations Plaza mjini humo, kila moja ikiwa na upana wa mita 9 na urefu wa mita 18 hivi.

"Basi ni kazi ya Baker peke yake."

Nusu kweli. Wazo la kushona bendera linahesabiwa kuwa lake, na ndiye aliyeitumikia hadi alipofariki mwaka 2017. Lakini fundi wa kutia rangi alikuwa Lynn Segerblom, na James McNamara alikuwa mshonaji hodari. Moja ya bendera zile mbili ilikuwa na nyota pembeni mfano wa bendera ya Marekani, na zile nyota ni kazi ya Segerblom. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa, na mimi naona hiyo ni dhuluma ambayo kila anayesimulia habari hii ana wajibu wa kuirekebisha.

Kuhusu kutajirika, ambako nako huzushwa: Baker hakuisajili bendera kuwa mali yake. Mtu yeyote anaweza kuishona na kuiuza bila kumlipa mtu, na ndivyo viwanda vinavyofanya.

"Rangi ni sita, na kila moja ina maana ya siri."

Si kweli mara mbili. Mwanzoni zilikuwa nane, na maana zake zilisemwa hadharani. Waridi ilikuwa ya mapenzi ya mwili, nyekundu ya uhai, ya machungwa ya uponyaji, njano ya mwanga wa jua, kijani ya maumbile, feruzi ya sanaa, nili ya utulivu, na zambarau ya roho.

Zilipungukaje? Hapa watu hupenda kusimulia kwamba waridi iliondolewa kwa aibu. Sababu ilikuwa dukani. Tarehe 27 Novemba 1978 Harvey Milk, diwani wa San Francisco aliyejitangaza wazi kuwa shoga, aliuawa kwa risasi pamoja na meya George Moscone. Baada ya mazishi kila mtu alitaka bendera. Kampuni ya Paramount iliyoanza kuzitengeneza kwa wingi haikuweza kupata kitambaa cha waridi ile kali, hivyo zikabaki saba. Mwaka 1979 waandaaji wa maandamano wakataka kuigawa bendera nusu kwa nusu, wazitundike pande mbili za barabara ya Market. Saba haigawanyiki kwa mbili. Feruzi ikaachwa, zikabaki sita.

Na hata sita si mwisho. Mwaka 2017 mji wa Philadelphia uliongeza mistari miwili, mweusi na wa kahawia, na mwaka 2018 Daniel Quasar akatoa ile yenye umbo la mshale ubavuni.

"Ukiona upinde wa mvua popote, ni bendera hii."

Si kweli, na uzushi huu huwaumiza hata wasiohusika. Waandamanaji wa amani wa Italia wamekuwa na bendera ya upinde wa mvua tangu 1961, yenye rangi saba na neno la amani katikati. Vyama vya ushirika duniani vilitumia rangi hizo saba miaka mingi kabla ya Baker kushika cherehani. Mji wa Cusco nchini Peru unazo kwenye bendera yake. Na Askofu Desmond Tutu alipoiita Afrika Kusini taifa la upinde wa mvua, alikuwa akizungumzia watu wa rangi na makabila mbalimbali kuishi pamoja baada ya ubaguzi. Ubao wa chekechea uliopakwa rangi saba ni ubao wa chekechea.

"Ile ndefu kupita zote ilikuwa sherehe tu ya watu waliokosa la kufanya."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana anayelisema hajaitazama tarehe. Bendera ya maili moja ilibebwa New York tarehe 26 Juni 1994, miaka 25 baada ya wateja wa Stonewall, baa ya mashoga mjini humo, kuwakabili polisi waliozoea kuwavamia. Ilikuwa na urefu wa kilomita 1.6 na upana wa mita 9. Ukiitandaza, eneo lake ni sawa na viwanja viwili vya mpira. Walioibeba walikuwa watu wapatao 5,000. Wagawe pande mbili, kila mmoja anabaki na pindo la sentimita 64 hivi, kwa hiyo walitembea bega kwa bega mwanzo hadi mwisho.

Bendera kama hiyo haina mlingoti. Hubebwa ikiwa imelala, kwenye usawa wa kiuno, kila mtu ameshika pindo kwa mikono miwili na kuvuta kidogo kwa nje ili katikati isibonyee. Kazi kubwa ni upepo. Ukiingia chini kitambaa hujaa na kupanda, na aliye kwenye pindo huhisi mabega yakivutwa kwenda juu. Kazi ya pili ni mwendo. Wa mbele wakisimama kwenye makutano na wa nyuma wakaendelea, kitambaa hulegea na kugusa lami, kikaanza kukanyagwa. Ndiyo maana huwapo waongozaji wanaotembea kando wakipiga kelele: simama, shusha, vuta. Mtu mmoja hawezi kuibeba, na tajiri mmoja hawezi kuibeba.

Na mwaka 1994 ulikuwa mwaka gani? UKIMWI ulikuwa sababu ya kwanza ya vifo vya Wamarekani wenye umri wa miaka 25 hadi 44. Dawa mseto zilizokuja kuwaokoa wagonjwa zilianza kuenea mwaka 1996. Wengi walioshika pindo lile walikuwa wametoka kuzika, na baadhi yao hawakuwahi kuzifikia dawa hizo. Wasomaji wa kwetu waliouguza ndugu miaka ileile hawahitaji kuelezwa uzito wake.

Njia rasmi siku ile ilipita First Avenue, mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Wanaharakati wa UKIMWI walikataa njia hiyo, wakaandamana kwenye Fifth Avenue bila kibali. Baker, ambaye alikuwa ameitumikia kazi ile kwa miezi, alichukua mkasi akakata kipande akawapa waende nacho. Vipande vingine vilisambazwa baadaye katika miji mbalimbali.

Mwaka 2003 alirudia, safari hii Key West, kisiwa cha kusini kabisa mwa Florida. Bendera ya rangi zote nane za mwanzo, yenye urefu wa kilomita mbili, ilipita barabara ya Duval kutoka upande wa Ghuba ya Meksiko hadi upande wa Bahari ya Atlantiki. Nayo ilikatwa, vipande vikatumwa miji zaidi ya mia moja.

"Zile za 1978 zilipotea zote."

Iliaminika hivyo. Kumbe Baker alikuwa ameokoa kipande cha moja kilichokuwa kimeharibiwa na maji, akakaa nacho. Kiligunduliwa kwenye vitu vyake baada ya kifo chake, na tangu 2021 kimo kwenye makumbusho ya historia ya GLBT Historical Society, San Francisco.

"Afrika haijawahi kuona maandamano haya, sembuse kwetu."

Si kweli. Tarehe 13 Oktoba 1990 watu wapatao 800 waliandamana Johannesburg. Mmoja wa viongozi wao, Simon Nkoli, alikuwa ametoka kushtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Baadhi ya waandamanaji walivaa mifuko ya karatasi kichwani, wasitambuliwe na waajiri na jamaa zao.

Na Afrika Mashariki? Agosti 2012, Entebbe nchini Uganda, watu wasiofika mia walitembea na rangi za upinde wa mvua katika bustani ya mimea kando ya Ziwa Viktoria. Ilikuwa mwaka mmoja na nusu tangu mwanaharakati David Kato auawe nyumbani kwake. Miongoni mwa walioongoza alikuwa Kasha Nabagesera. Polisi walifika, wakawashikilia wachache, wakawaachia bila mashtaka. Mwaka 2016 polisi walivamia shughuli yao Kampala, na maandamano ya 2017 yakafutwa. Sheria iliyosainiwa Mei 2023 inaweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuhamasisha ushoga, na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Aliyeshika pindo Entebbe mwaka 2012 akilishika leo, anaweza kwenda jela hadi mwanawe amalize chuo.