Neno Liingie Nyumbani: Namna ya Kupanga Ampli ya Intaneti



Familia kadhaa hapa Tchomia zimeletewa na ndugu zao ampli za aina mpya, zinazoshika redio na nyimbo kwa njia ya intaneti. Wengi wanatuuliza namna ya kuzipanga. Tumeona vema tueleze katika karatasi hii, maana chombo ambacho hatukielewi kinakula pesa ya nyumba, kisha kinanyamaza kabla mahubiri hayajaisha.

Kwanza, tuelewe faida yake. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Sisi huku kando ya Ziwa Albert tuko karibu mita 620, na katikati kuna milima. Mlima ukisimama mbele ya antene, sauti inafifia. Intaneti haina shida hiyo. Kituo kinatuma sauti kwenye intaneti, antene ya kampuni ya simu iliyo karibu inaileta hadi telefone yako, na telefone inaikabidhi ampli. Ndivyo unavyoweza kusikia Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hata mahali FM yake haifiki.

Umeme. Soma nyuma ya ampli ujue inatumia wati ngapi. Ampli ya wati 40 ikifanya kazi saa 3 inakula wati-saa 120. Batri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600, lakini batri ya asidi ikishushwa chini ya nusu inaharibika upesi. Basi hesabu 300 tu. Konvertisa, kile chombo cha kugeuza volti 12 kuwa 220, nayo inakula sehemu yake. Jua lisipowaka, hizo ni jioni mbili, na taa bado hujaziwasha.

Kuunganisha. Kwenye telefone, washa sehemu ya kugawa intaneti, uipe jina na neno la siri. Kwenye ampli, fungua orodha ya mitandao ya Wi-Fi, chagua jina lile, andika neno la siri. Kisha ingia kwenye redio ya intaneti, tafuta kituo kwa jina lake au kwa nchi, na ukihifadhi ili kesho usitafute tena. Weka telefone pale inaposhika mtandao vizuri, isiwe mbali na ampli. Neno la siri usilitoe ovyo: kila anayeingia anatumia mega zako.

Mega. Hapa ndipo wengi wanaumia. Kituo kinachotuma kilobiti 64 kwa sekunde kinakula karibu mega 29 kwa saa. Cha kilobiti 128 kinakula karibu 58. Ukisikiliza saa 2 kila jioni kwa siku 30, cha kwanza kinamaliza karibu mega 1,740, cha pili mara mbili yake. Kwa mahubiri, 64 zinatosha. Kituo kikitoa nafasi ya kuchagua, chagua kiwango cha chini. Zima pia programu za telefone zinazojiongeza zenyewe bila wewe kuziomba.

Kuhifadhi. Njia ya bei nafuu ni kuchukua mahubiri na nyimbo mara moja, mtandao ukiwa mzuri, na kuziweka kwenye telefone. Ampli nyingi za aina hii zinaweza kuzicheza kutoka telefone kwa Wi-Fi ya nyumbani bila kula mega, kwa sababu sauti haitoki nje ya nyumba. Telefone nyingi zinahitaji programu ndogo ya kugawa muziki. Ikikushinda, weka mahubiri kwenye flashi na uichomeke kwenye ampli. Jambo hili linawafaa hasa wavuvi wetu. Saa ya mahubiri ya jioni wao wako ziwani. Wakirudi asubuhi na kupumzika, watasikia neno lile lile ambalo mke na watoto walisikia.

Redio yako ndogo ya mawe usiitupe. Mtandao wa simu ukikatika, ampli ya intaneti inakuwa bubu, na saa ya hatari habari za usalama zitakufikia kwa FM.

Wapendwa, katika Luka 14 Bwana anamsifu mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Tuhesabu vivyo hivyo. Kama mega zinakula pesa ya shule ya mtoto au dawa ya mzee, nyumba hiyo irudie redio ya mawe, wala isione haya. Tena Warumi 10:17 inatufundisha kwamba imani huja kwa kusikia, lakini Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika. Redio ni ya mgonjwa, ya mvuvi aliye kazini, ya mama aliyezaa juzi, na ya siku ambazo njia si salama. Mwenye miguu na njia, Jumapili aje ibadani.

Kornelio, katika Matendo 10, hakungoja neno peke yake. Aliwaita jamaa na rafiki zake, nyumba ikajaa. Wewe mwenye ampli, weka mkeka nje na umwite jirani, bila kuuliza kabila lake. Katika Ituri yetu, watu kuketi mkeka mmoja na kusikia neno moja ni jambo kubwa kuliko ampli yenyewe. Na kama jirani ana mgonjwa au ana msiba, punguza sauti, kisha uende umwombee.

Mungu awabariki.