Isiolo Hadi Watamu: Piga Picha za Bahari kwa Doo Kidogo, Ukifuata Mwezi

Kama unapiga picha na unaishi Isiolo, milima na savana unazo tayari. Ololokwe iko hapo kwa barabara ya Marsabit, Ewaso Nyiro inapita Archer's Post, na asubuhi mbingu ikiwa safi unaona Mlima Kenya kabla hata hujakunywa chai. Shida ni kwamba kila msee wa kamera mtaani ako na hizo hizo picha. Mteja akifungua kazi zako aone twiga, mlima, twiga, atakuuliza kama unaweza kitu kingine.

Hapo ndio bahari inaingia. Wengi hukata tamaa mapema juu wanajua Coast ni ya wadosi. Lakini cheki vizuri: kitu humaliza doo za wasee huko ni kufika siku mbaya. Unalipa nauli, unalipa chumba, halafu maji yamejaa wakati ulitaka yapwe, unarudi na picha tano za machweo zenye zingepigwa popote. Ukijua jua na mwezi zinafanya nini, siku 3 zinatosha.

Tuchukue Watamu, Kaunti ya Kilifi. Ni mji mdogo, na ndani ya kilomita chache unapata ufuo mweupe, visiwa vya matumbawe, mikoko na magofu ya kale.

Jua linatoka baharini, haliingii huko

Hii huwashika wasee wengi. Pwani ya Kenya inaangalia mashariki. Kwa hivyo pale ufuoni, jua hutoka majini asubuhi, na jioni linazama nyuma yako, upande wa minazi. Ukitaka jua likizama juu ya maji, lazima uende mahali maji yameingia ndani ya nchi kavu. Watamu mahali hapo ni Mida Creek, hori kubwa lenye mikoko, kusini-magharibi mwa mji. Kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na jamii ya pale ndiyo inahusika nayo.

Kwa hivyo asubuhi ni ufuoni, jioni ni Mida. Ukichanganya hizo mbili umepoteza siku.

Mwezi ndio kalenda yako

Maji ya bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku saa zinasonga mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa Pwani huita hiyo bamvua. Katikati ya hizo siku kuna maji mafu, hapo maji hayasongi sana.

Sasa sikiza hii poa. Siku za bamvua kwa pwani yetu, maji hupwa kabisa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa kabisa karibu saa 10 jioni. Maana yake:

- Saa 12 asubuhi jua likitoka, maji yako njiani kurudi nyuma. Mchanga umelowa na unaakisi rangi za mbingu.
- Saa 4 asubuhi maji yameenda mbali. Visiwa vya matumbawe vya Watamu, vile vimeliwa chini hadi vikafanana na uyoga, vinabaki wazi, na vidimbwi vinajitokeza kila mahali. Jua liko juu, na jua la juu ndilo hutoa ile rangi ya buluu-kijani kwa maji. Kwingine saa hiyo ungekuwa umefunga kamera.
- Jioni Mida imejaa. Mikoko imesimama ndani ya maji, na jua linazama mbele yako.

Siku moja, picha tatu tofauti kabisa. Ukienda wiki ya maji mafu, nauli ni ile ile na unapata nusu ya hiyo.

Kama nyumbani mnafuata kalenda ya Kiislamu, hesabu ni rahisi: lenga tarehe 1 au 15 ya mwezi, na siku mbili zinazofuata. Mwezi mpevu una bonasi, juu unatoka baharini karibu wakati jua linazama. Mwezi mwandamo nao unakupa giza la nyota. Kisha thibitisha na jedwali la maji kwa simu. Yako mengi ya bure, tafuta ya Malindi au Kilifi.

Msimu pia uko na bei. Desemba, Pasaka na Agosti vyumba hupanda. Aprili na Mei ni mvua, na hoteli kadhaa hufunga. Januari mwishoni hadi Machi mapema, upepo wa kaskazi ukivuma, mbingu huwa safi na wageni wa Krismasi wameshaenda.

Njia: lala kwa gari, usilale kwa hoteli

Ukicheki ramani ya LAPSSET utaona mstari umechorwa kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo, na utashawishika kukata moja kwa moja. Achana nayo. Njia ya msee wa bajeti inapita Nairobi.

Chukua mathree ya asubuhi kutoka Isiolo kupitia Nanyuki, karibu kilomita 280. Ukifika Nairobi uko na chaguo mbili. Kuna mabasi ya usiku ya Malindi, unaambia makanga akushushe Gede. Ama SGR kutoka Syokimau: tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni ngiri moja na soo tano, yaani 1,500, na unabuki kwa *639#. Ukipata ile ya usiku unafika Mombasa kabla kupambazuke, kisha unatafuta mathree ya Malindi na bado unashuka Gede. Hapo chukua tuktuk au boda hadi Watamu, ni karibu.

Kusafiri usiku kunakuokolea pesa ya chumba siku moja kwenda na siku moja kurudi. Buki treni mapema, viti vya bei ya chini huisha haraka, hasa wikendi ndefu.

Keja na dishi

Usitafute chumba cha kuangalia bahari. Utakuwa nje kabla ya saa 12, hiyo bahari utaiangalia usiku ikiwa giza. Tafuta chumba safi ndani ya kijiji au upande wa Timboni, lakini ujue utafikaje ufuoni alfajiri: kwa miguu au na boda umeongea naye jana yake. Uliza bei ya usiku 2 pamoja, na ukiwa na mbogi ya watu 3 ama 4, ulizeni nyumba yenye jikoni.

Ufuo ni wa umma. Huhitaji kuwa mgeni wa hoteli ndio ukanyage mchanga, tumia tu njia za wananchi.

Dishi fuata wenyeji: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai mchana, wali wa nazi na samaki jioni. Mikahawa ya Kiitaliano iko mingi Watamu na ni mizuri, lakini sahani moja huko inaweza kuwa nauli yako.

Siku 3 ziko hivi

Siku ya 1: unafika asubuhi, unalala kiasi, jioni uko Mida.

Siku ya 2: saa 11 na nusu uko ufuoni. Piga jua, fuata maji yakirudi nyuma, maliza na vidimbwi. Mchana pumzika. Saa 9 ingia magofu ya Gedi, mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17 na ukaingizwa kwa orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kuta ziko chini ya miti mikubwa na mizizi imezikumbatia. Jioni rudi ufuoni kama mwezi ni mpevu.

Siku ya 3: asubuhi rudia mahali umeona jana panafaa. Picha nzuri nyingi hutoka mara ya pili, juu ushajua mwamba uko wapi na maji hufika saa ngapi. Jioni shika gari.

Usichezee haya

Maji yakirudi hayapigi honi. Siku ya bamvua ukiwa mbali kwa matumbawe, geuka mara tu maji yakianza kupanda, sio ukimaliza picha. Kabla ya kwenda, uliza mvuvi yeyote. Na usianze na "boss" vile tumezoea huku. Anza na "Shikamoo mzee", halafu uliza maji yanapwa saa ngapi. Atakuambia zaidi ya jedwali.

Usielekeze lenzi kwa mtu kabla hujaomba, iwe mama anauza samaki au vijana wa mashua. Ukikataliwa, sema asante uende.

Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa 1968, na sasa iko chini ya KWS. Ukiingia kwa mashua unalipia kwa eCitizen, kwa hivyo beba kitambulisho upate bei ya Mkenya. Usikanyage matumbawe hai na usibebe makombe. Droni inahitaji usajili wa KCAA, na ndani ya hifadhi unahitaji ruhusa ya KWS pia.

Kuhusu vifaa: simu inatosha, bora uwe na tripodi ndogo. Chumvi ndiyo adui kushinda vumbi letu. Kila jioni panguza kamera na kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na usibadilishe lenzi ufuoni. Chumba cha feni nacho kina faida: ukitoka kwa chumba cha AC alfajiri, lenzi hushika ukungu na jua halikungoji ipanguze.

Kwa hivyo kabla hujauliza nauli, fungua kalenda. Tafuta mwezi mpevu au mwandamo unaoangukia siku huna kazi, weka alama siku 3, ndio uanze kuweka doo kando.