Kalemie: Buloni ikikatika ndani ya motere, haraka ndiyo inaharibu kulasi

Gari linaingia garaji, moshi unatoka pembeni ya motere. Kazi inaonekana ndogo: kufungua bomba la moshi, kubadilisha jointi, kufunga tena. Buloni ya kwanza inafunguka. Ya pili pia. Ya tatu inalia kidogo, kisha mkono wa fundi unakwenda bure: kichwa kimebaki ndani ya kle, mwili umebaki ndani ya kulasi. Kuanzia hapo, kazi ya saa moja inaweza kuwa ya siku tatu.

Hapa Kalemie jambo hilo ni zito. Kulasi haiuzwi katika kila duka la piesi. Mara nyingi inabidi kuiagiza mbali, Lubumbashi au ng'ambo ya ziwa, na kungoja. Wakati huo gari limekaa juu ya mawe, na shofere aliyekuwa akibeba watu na mahindi njia ya Nyunzu au Moba hana cha kupeleka nyumbani.

Kwa nini buloni inakwama? Sababu ya kwanza ni kutu, na kutu huvimba: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, ndiyo maana meno yanabanana. Ya pili ni moto. Buloni za bomba la moshi zinachemka na kupoa kila siku, mpaka chuma kinachoka. Ya tatu ni sisi wenyewe: yule anayeingiza bomba refu kwenye kle ili akaze “vizuri” ameshavuta buloni kupita nguvu yake. Na tangu maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika makao ya watu pembeni ya ziwa, mwaka 2021 na tena 2024, gari lililolala ndani ya maji linahitaji kuangaliwa zaidi. Kutu ya motere hiyo imeanza mahali macho hayafiki.

Buloni ambayo bado ina kichwa isilazimishwe. Isafishwe kwa burashi ya chuma, imwagiwe mafuta ya kupenya, iachwe mpaka asubuhi. Wasiokuwa na mafuta ya dukani huchanganya asetoni na mafuta mekundu ya bwati otomatiki, nusu kwa nusu. Asetoni inashika moto haraka, basi ikae mbali na sigara na mashine ya kuchomelea. Kesho yake kichwa kigongwe kwa nyundo, mapigo mafupi ya kunyooka, kisha kle ijaribiwe kwanza upande wa kukaza, kidogo tu, halafu upande wa kufungua. Ikisogea robo, irudishwe, iongezwe mafuta, isogezwe tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini haigharimu kitu.

Ikikataa, moto wa gesi unasaidia, hasa pale ambapo chuma kinachoizunguka ni cha kusubu. Mafuta yote yapanguswe kwanza, na mipira ya esansi au mazuti isogezwe. Chuma kikipoa kidogo, gusisha mshumaa: nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya meno. Kwenye kulasi ya aluminiamu lazima kujizuia. Aluminiamu inayeyuka karibu digrii 660, na haigeuki nyekundu kukuonya. Wengine wamegundua hilo baada ya kulasi kuanza kudondoka.

Ikiwa buloni imekatika na kipande bado kinachungulia, njia ninayoiamini zaidi ni ya kuchomelea ekru juu yake. Betri ifunguliwe kwanza, na waya za altaneta. Joto la kuchomelea lenyewe linalegeza kutu, na ekru inakupa kichwa kipya cha kushika.

Ikikatika ndani kabisa, ndipo mashine ya kutoboa. Hapa kosa la milimeta mbili linakula ukuta wa shimo. Weka alama katikati kabisa, anza na meshi ndogo, mwendo wa pole, mafuta kila mara. Meshi inayozunguka upande wa kushoto ni bora, kwa sababu mara nyingine inaifungua buloni yenyewe. Tahadhari na ile chuma ya kuchomoa yenye meno ya kinyume: ni ngumu sana na inavunjika kama kioo. Ikivunjika ndani, meshi ya kawaida haiikati tena, na mwenye gari atalipa kazi mbili.

Meno yakiharibika, kulasi bado haijafa. Shimo linaweza kukatwa meno upya na kuwekewa koili ya chuma. Kwa buloni ya milimeta 10 yenye hatua ya 1.5, shimo la kukata meno ya kawaida ni milimeta 8.5. Lakini magari mengi ya Japani hutumia hatua ya 1.25, na hapo linakuwa karibu 8.8. Pima kabla ya kutoboa.

Ziwa letu lina ushahidi wake. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yakikaribia Kigoma, Wajerumani walizamisha meli yao Graf von Götzen, lakini kabla ya hapo mafundi wake walizipaka mashine grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, karibu miaka 8 baadaye, na mashine zile zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo, siku ya kufunga, buloni za bomba la moshi zipakwe grisi ya shaba inayovumilia moto. Buloni za kulasi ni jambo lingine: hizo hufuata maagizo ya kiwanda, kawaida tone la mafuta ya motere tu, kwa sababu grisi nyingi hufanya mkono ukaze kupita kiasi. Shimo lisilopenya lisibaki na maji wala mafuta chini, buloni ikishuka inaweza kuyabana na kupasua chuma. Na buloni ya zamani usiitupe kabla ya kuilinganisha na mpya, urefu na meno, pale pale dukani.