Mkopo wa Sacco ni Nafuu, Lakini Nani Analinda Akiba?

Mwalimu mwenye akiba ya shilingi 100,000 katika sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, atakopeshwa, kwa desturi ya sacco nyingi za Kenya, mara tatu ya akiba hiyo. Atachukua 300,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, inayotozwa kwenye deni lililobaki tu. Akilipa kwa miezi 36 atakatwa takriban 9,960 kila mwezi, na riba yote itafika karibu 58,700. Mwaka 2024 wastani wa riba za benki ulipita asilimia 16 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, mkopo uleule ungemtoza riba ya karibu 79,700, mbali na ada.

Unafuu huo una chanzo. Faida ya sacco hurudi kwa wanachama wenyewe, na mkopo wake ni vigumu kukimbiwa. Mwajiri hukata marejesho kabla mshahara haujamfikia mkopaji, na wenzake wamemdhamini. Mdhamini haweki sahihi tu. Akiba yake nayo hushikiliwa hadi deni liishe. Kwa hiyo kabla ya kukubali humhoji mwenzake vilivyo: una madeni mengine? Unafikiria kuacha kazi? Ofisa wa mikopo benkini hana namna ya kuyajua majibu hayo kama anavyoyajua mtu mnayeshiriki naye ofisi moja.

Kujuana huko ndiko kulikozijenga sacco hizi. Stima ilianzishwa 1974 na wafanyakazi wa kampuni ya umeme. Unaitas ilianza 1993 ikiwa sacco ya wakulima wa majani chai Murang'a. Leo zote mbili zinapokea wanachama kutoka kila pembe, na nyingine nyingi zimefuata njia hiyo. Mtaji umekua, lakini wadhamini sasa wanaweza kuwa watu wasiofahamiana, na mkutano mkuu mara nyingi huhudhuriwa na wajumbe badala ya wanachama wote. Mimi naona hasara hii ni kubwa kuliko viongozi wengi wanavyokiri.

Ulinzi wa akiba nao ni mwembamba. Amana ya benki ina bima ya KDIC, shirika la bima ya amana, hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja. Sheria ya Sacco ya 2008 iliahidi mfuko wa kulinda akiba za wanachama, lakini miaka mingi imepita mfuko huo ukibaki kwenye karatasi. Gharama ya pengo hilo tumeiona. Sacco ya walimu, Mwalimu National, ilinunua hisa nyingi za benki iliyokuja kuitwa Spire. Benki hiyo ikaendelea kula hasara hadi benki ya Equity ilipowachukua wateja wake mwaka 2023. Kisha likaja la KUSCCO, muungano ambao sacco zenyewe ziliuamini na fedha zao: wakaguzi wa PwC walikadiria kuwa shilingi bilioni 13.3 zimepotea. Hizo ni akiba za walimu, polisi, wauguzi na wakulima.

Hata hivyo, kwa mwenye kipato cha kila mwezi anayetaka kujenga au kusomesha, bado ningemwelekeza sacco. Pesa za dharura aziache benki, kwa kuwa akiba inayompa haki ya kukopa haitoki mpaka ajitoe uanachama, na hisa zake hazirudishwi. Humuuzia mwanachama mwingine. Kabla ya kujiunga athibitishe kwamba sacco imo katika orodha ya leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia takriban sacco 350, kisha aombe hesabu zilizokaguliwa. Gawio lisiwe jambo la kwanza kutazamwa humo. Aangalie ni mikopo mingapi imelala bila kulipwa, na fedha ambazo hazijakopeshwa wanachama zimewekezwa wapi. Gawio likiwa nono huku mikopo ikizidi kulala, aulize mbele ya mkutano mkuu pesa za kulilipa zimetoka wapi, na asikae chini kabla ya kujibiwa kwa tarakimu.